Tarehe kwenye JavaScript: usikimbilie kusakinisha maktaba

Siku utakapopewa kazi yako ya kwanza yenye tarehe, kuna mtu atakuambia, "Weka Moment, mambo yaishe." Moment ni maktaba ya tarehe, yaani msimbo ulioandikwa na wengine unaouongeza kwenye programu yako. Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikatii. Wenyewe wanaoitunza Moment walitangaza Septemba 2020 kwamba hawaiongezei vipya tena na wakashauri watu watumie nyingine, ila mafunzo ya zamani bado yanaisifu.

Kosa lililonifumbua macho halikuhusu maktaba hata kidogo. Nilikuwa natengeneza ripoti za mauzo za duka moja, na mauzo ya tarehe 5 Machi yakawa yanatoka na kichwa cha tarehe 4. Nikabadilisha maktaba. Kosa palepale. Nimehangaika hadi jioni ndipo nikauona mstari wenyewe: nachukua mwanzo wa siku kwa saa za hapa, naupitisha kwenye `toISOString()` inayougeuza kuwa maandishi, kisha nachukua herufi kumi za mwanzo tu. Kumbe `toISOString()` hutoa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, nasi tuko saa tatu mbele. Tarehe 5 inapoingia Dar es Salaam, kwenye UTC bado ni 21:00 ya tarehe 4.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, maana ukiwa huku hulioni. `new Date("2024-03-05")`, yaani kugeuza maandishi kuwa `Date`, tarehe ya JavaScript yenyewe, husomwa kama 00:00 ya UTC. Kwako itaonyesha 03:00 ya tarehe ileile, utaridhika na kwenda kulala. Mtumiaji aliye New York anaona tarehe 4.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, jiulize: ninachohifadhi ni nukta ya wakati, kama muda wa malipo kuingia, au ni siku ya kalenda tu, kama tarehe ya kuzaliwa? Siku ya kalenda mimi naiacha iwe maandishi, "2024-03-05", wala siigeuzi kuwa `Date`.

Kuonyesha tarehe kwa Kiswahili hakuhitaji maktaba, `Intl.DateTimeFormat` imo ndani ya kivinjari, unaipa `sw-TZ` na `Africa/Dar_es_Salaam`, basi. Hesabu ndiyo inayonifanya niite msaada. Chukua mkopo wa 31 Januari 2025, uongeze mwezi mmoja kwa `setMonth` ya `Date`: utapata 3 Machi, Februari imerukwa nzima! `addMonths` ya maktaba ya date-fns inakupa 28 Februari. (Na miezi ya `Date` huanza kuhesabiwa sifuri, Januari ni 0. Urithi wa lugha ya Java ya 1995 huo, tumeshauzoea.) Temporal, sehemu mpya ya JavaScript iliyobuniwa kuchukua nafasi ya `Date`, imeanza kuingia kwenye vivinjari, Firefox imeiweka mwaka 2025. Ijaribu, ila angalia kwanza wateja wako wanatumia simu gani.

Saa ya Kiswahili andika mwenyewe: saa ya kompyuta jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki ikiwa sifuri, ni kumi na mbili. 20:00 inatoka saa mbili. Kinachosumbua ni jina la siku. Abiria wa basi la saa saba usiku wa Jumanne, kompyuta inamwandikia Jumatano 01:00, naye anaweza kufika kituoni usiku mmoja baadaye. Kwenye tiketi ninaandika "usiku wa kuamkia Jumatano".