Mwinjilisti, usihesabu sadaka peke yako

Wiki iliyopita mwinjilisti wa mtaa mmoja, yaani tawi la usharika, aliniandikia ujumbe. Ulianza kwa "Shikamoo Baba Mchungaji" na ukaishia kwa "niombee". Habari yenyewe ilikuwa katikati: kwa miaka miwili amekuwa akihesabu sadaka peke yake kwa sababu wazee wa kanisa hukimbilia nyumbani ibada ikiisha, na sasa usharika unamwambia kuna pungufu la shilingi 180,000. Karatasi ya kujitetea hana hata moja. Nimemjibu kwamba nitamwombea. Haya mengine nayaandika hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake; ukaribiapo ukaguzi wa mwaka, jumbe za namna hii huja kama mvua za vuli.

Tuelewane kwanza kwamba katika mambo ya fedha ya kanisa, mwaminifu ndiye anayeumia zaidi. Mwizi huandaa karatasi zake mapema. Mwaminifu hutegemea kuaminiwa, na siku imani ya watu inapotikisika hana cha kushika.

Wapo wanaosema kuhesabiana ni kukosa imani, na andiko lao wanalo: 2 Wafalme 12:15, kwamba waliopewa fedha za kulitengeneza hekalu hawakudaiwa hesabu, maana walitenda kwa uaminifu. Waombe waanzie mstari wa 9. Yehoyada kuhani alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, wakapanda mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, watu wawili wa ofisi mbili, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Uaminifu wa mstari wa 15 ulikuja baada ya hesabu ya mstari wa 10. Ezra naye, katika sura ya 8, aliwaambia makuhani kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana, na bado akawapimia mzigo kwa mizani kabla ya safari: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, na vyombo. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne, vikapimwa tena mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili, na uzani wote ukaandikwa. Hakuna aliyelalamika kwamba utakatifu wake umetiliwa shaka.

Basi tuje mezani.

Wanaohesabu wawe watatu, wasitoke nyumba moja, na mchungaji au mwinjilisti asiwe mmojawao. Mume na mke ni mwili mmoja kwa Maandiko na ni mtu mmoja kwa mkaguzi. Zamu iende hivi: kila Jumapili anatoka mmoja na kuingia mmoja, ili siku zote wawepo wawili wanaoijua kazi na jicho moja jipya. Mkiwabadilisha wote watatu kwa mpigo, Jumapili ya kwanza watakosea. Msipowabadilisha kabisa watazoeana, na mazoea ndiyo humfanya mtu asaini karatasi ambayo hakuihesabu.

Kikapu kikitoka madhabahuni kiende mezani moja kwa moja, kikisindikizwa na wawili. Penye ibada mbili kuna mtego: sadaka ya ibada ya saa 1 inakaa ofisini mpaka ibada ya saa 4 iishe, mlango umerudishiwa tu, na wanakwaya wanaingia na kutoka kuchukua majoho. Sadaka ya ibada ya kwanza ihesabiwe wakati ya pili inaendelea, na wanaohesabu wawe wale waliosali ya kwanza. Meza isiwe na kitambaa. Mikoba na makoti vikae upande mwingine wa chumba. Mlango ubaki wazi.

Tenganisheni kwanza, hesabuni baadaye. Noti zilazwe upande mmoja, kumi kumi, ile ya kumi ikizikunjia zile tisa. Sarafu zisimamishwe minara ya kumi kumi. Za 50 ziwe minara ya ishirini ili kila mnara uwe shilingi 1,000. Wa kwanza anahesabu fungu, anamsogezea wa pili, na wa pili anarudia bila kutajiwa idadi. Hapo kwenye kutotajiwa ndipo wengi wanapoharibu. Ukishasikia "ishirini na nane", vidole vyako vitazipata ishirini na nane hata zikiwa ishirini na saba. Wa tatu kazi yake ni kuandika, na haandiki mpaka asikie tarakimu mbili zinazolingana.

Karatasi ionyeshe idadi ya noti na sarafu za kila aina. Jumla tupu haimsaidii mtu. Tuseme mmepata noti 7 za 10,000, noti 12 za 5,000, noti 31 za 2,000, noti 58 za 1,000, kisha sarafu 94 za 500, 61 za 200, 73 za 100 na 18 za 50. Hiyo ni 317,400. Kama risiti ya benki itasema 297,400, karatasi yenye mchanganuo inakuonyesha mahali pa kuanza kutafuta: ni noti mbili za 10,000, au nne za 5,000, na swali ni nani alizishika baada ya kuhesabiwa. Kama daftari linasoma 371,400, tofauti ni 54,000. Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kabla hamjamshuku mtu angalieni kama mwandishi amegeuza tarakimu, 17 ikawa 71, maana kosa la kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani daima hutoa tofauti inayogawanyika kwa 9. Nimeshangaa ni wazee wangapi wamevunjiana heshima kwa sababu ya kosa la aina hii.

Tumieni kalamu ya wino. Aliyekosea achore mstari mmoja juu ya kosa, aandike sahihi pembeni, na kilichokosewa kiendelee kusomeka. Watatu wote wasaini, kwa nakala tatu: moja inafungwa na fedha, moja kwa mtunza hazina, moja inabaki kwenye faili la mtaa. Hiyo ya tatu ndiyo ndugu yetu aliyoikosa.

Noti bandia ikionekana, msiirudishe kikapuni wala mtu asiifidie mfukoni mwake kwa aibu. Iandikwe, iwekwe pembeni, iende benki.

Bahasha zina adabu zake. Juu yake kuwe na namba, jina likae kwenye rejista. Ifunguliwe wawili wakiona, kiasi kilichomo kiandikwe juu ya bahasha papo hapo, na kabla ya kuiweka pembeni muiinue mwangani, kwa sababu noti mpya hujibana kwenye kona. Mtoaji akiwa ameandika 20,000 na ndani mna 10,000, msirekebishe kimyakimya. Andikeni mlichokikuta, wawili wasaini, na mzee mmoja amfuate mtoaji wiki hiyohiyo, faraghani. Mara nyingi utakuta alipunguza asubuhi ile kwa nauli akasahau kubadilisha maandishi. Ukikaa miezi sita ndipo umuulize, atakumbuka alitoa 20,000 na ataapa. Bahasha tupu zitunzwe hadi ukaguzi upite. Na za ujenzi zisichanganywe na za sadaka ya kawaida hata kama fedha zote zinakwenda benki moja. Aliyetoa kwa ajili ya bati ana haki ya kuona bati.

Sasa mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, ambako ndiko kanisa la Kitanzania linakofurahi kuliko kote na kupoteza kuliko kote. Baada ya ibada watu wako nje, kuna mkungu wa ndizi, kuku wamefungwa miguu, maziwa, mayai, mabua ya miwa. Yai moja linanunuliwa 5,000, mnunuzi anasema "nalirudisha", linauzwa tena 3,000, linarudishwa, linauzwa 10,000. Yai ni moja, mauzo ni matatu, na jumla ni 18,000. Mwandishi asiyejua mnada ataandika "yai, 10,000". Kila bei inayogongwa ipate mstari wake: kitu, mnunuzi, kiasi, amelipa au bado.

Mnadi asishike fedha. Anayepokea fedha asiandike. Watu watatu tena, na hapo hakuna mkato. Mnadi mzuri ana maneno mengi na mikono miwili tu. Ukimpa noti katikati ya utani ataiweka mfuko wa shati, na jioni mkewe ataiona akifua. Hakuiba, lakini sasa inabidi aeleze.

Halafu kuna "nitaleta". Ahadi za mnadani zina daftari lake na haziingii kwenye jumla ya siku ile, kwa sababu ukiziingiza, risiti ya benki haitalingana na karatasi kamwe. Kitu chenyewe kisiondoke mpaka kilipiwe. Kwa mayai na ndizi hilo ni gumu, basi mzee wa jumuiya ya mnunuzi amfuate kabla ya Jumapili inayofuata. Msisome majina ya wadaiwa madhabahuni. Na kuku aliyebaki bila mnunuzi asiishie jikoni kwa mchungaji kwa sababu "hakuna aliyemtaka". Mchungaji akimtaka, ataje bei mbele ya watu na alipe. Nasema hivi nikijua familia za wachungaji zinavyoangaliwa vyungu vyao. Jicho la mshirika linaloingia hadi jikoni kwako lina uzito wake, na anayesema amelizoea anajikaza tu.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, mara nyingi hufanywa na watu wema. Ni kula sadaka mbichi. Jenereta limeishiwa mafuta, toa 15,000 kikapuni. Mgeni aliyehubiri hana nauli, toa 10,000. Soda za kwaya, toa. Yote ni matumizi halali, lakini yamefanyika kabla fedha haijaandikwa, na hakuna tena mtu duniani anayeweza kusema Jumapili ile ilipatikana kiasi gani. Nina shaka hata zile 180,000 za ndugu yetu zilikwenda hivyo, mafuta na nauli za miezi ishirini na nne, na kila aliyezipokea ameshasahau.

Dawa yake ni masurufu, yaani kifungu maalumu cha matumizi madogo. Baraza la wazee lipitishe kiasi, tuseme 100,000, kiwe na mtunzaji mmoja asiyehesabu sadaka. Kila kinachotoka kina hati iliyosainiwa na aliyepokea. Saa yoyote ukifungua kijisanduku hicho, fedha taslimu jumlisha hati lazima viwe 100,000. Hati zikifika 80,000 anazipeleka kwa mtunza hazina, anarudishiwa 80,000 hasa. Sadaka ya Jumapili haiguswi. Inaingia benki yote kama ilivyo, na mkaguzi anaweza kulaza karatasi na risiti ya benki pamoja zikafanana hadi shilingi ya mwisho.

Chenji ni ndugu wa kosa hilo. Mshirika anaweka noti ya 10,000 kikapuni, anachota 8,000, mzee ameshika kikapu akitazama juu kwa adabu. Acheni kabisa. Mlangoni kabla ya ibada awepo mtu mwenye 50,000 ya noti ndogo na sarafu, abadilishie watu hapo.

Kwa sadaka za simu niseme machache: namba ya kupokelea isajiliwe kwa jina la kanisa, isiwe laini ya mtunza hazina. Akihama au akifariki, sadaka inabaki kwenye laini ya marehemu na warithi wanakuwa na hoja. Andikeni kiasi kamili alichotuma mtu, makato yaandikwe upande wa matumizi, na taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi.

Fedha ilale kwenye kasha la kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa nyumba mbili, na Jumatatu kabla ya saa 6 mchana iwe benki au kwa wakala, ikipelekwa na wawili. Isilale nyumbani kwa mchungaji. Vibaka wote wa mtaani wanajua Jumapili usiku ni usiku gani. Jumapili inayofuata kwenye matangazo isomwe jumla pamoja na kiasi kilichofika benki, hata kama mvua ilinyesha na imepatikana 41,000. Kanisa linalotangaza sadaka nono tu limeanza kujificha.

Ndugu zangu wazee wa kanisa, mnaoondoka na amina ya mwisho kwa sababu pilau inapoa: Bwana Yesu, katika Marko 12:41, aliketi kuielekea sanduku la hazina akatazama watu wanavyotia fedha. Aliketi. Nusu saa yenu ndiyo inayomlinda mtumishi wenu, na mkimwachia kikapu peke yake halafu mkamwita kwenye kikao kujibu pungufu, nanyi mna sehemu katika pungufu hilo. Mlivikwa wajibu mbele ya madhabahu, hamkuvikwa heshima ya kukaa viti vya mbele tu. Kitubio chake hakina gharama: ni kubaki.

Nawe mwinjilisti, wiki hii andika barua kwa mchungaji wako, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya fedha. Omba taarifa ya benki ya miaka hiyo miwili, daftari la usharika, na jumbe za simu ulizotuma kila Jumapili ukitaja kiasi, kama bado unazo. Hizo zina tarehe na saa, na zinaweza kuwa ushahidi wako pekee. Orodhesha kwa kumbukumbu kila matumizi yaliyotoka kikapuni na aliyeyaagiza, uwaombe walioyaagiza wasaini. Usilipe chochote kabla hesabu haijakaa mezani, hata kama ni kwa ajili ya kutafuta amani, maana ukilipa umekiri.

Na Jumapili hii wazee wakiondoka tena, usihesabu. Mimina kikapu kwenye mfuko wa kitambaa mbele ya waliobaki, hata kama ni mama mmoja wa kwaya na kijana wa kipaimara. Funga kwa kamba, bandika karatasi juu ya fundo, watu wawili wasaini, kila sahihi ikiwa nusu juu ya karatasi na nusu juu ya kitambaa, tia kwenye kasha, ufunguo mmoja mpe huyo mama. Kisha mpigie mzee wa zamu umwambie mfuko unamsubiri kesho saa 2 asubuhi.