Usifungue Gari la Pili Kabla la Kwanza Halijatembea

"Kaka, nina magari matatu ya zamani uani. Yote nimeyafungua, hakuna hata moja linalotembea. Mke wangu ameniambia nichague: ama niyatengeneze, ama niwauzie watu wa vyuma chakavu. Nifanyeje?"

Msomaji mmoja ndiye aliyenitumia ujumbe huo, na tangu niusome haujanitoka kichwani. Hayo maneno "vyuma chakavu" nimeyasikia mno. Nimeyasikia kwa majirani, nimeyasikia kwa wageni niliowakaribisha ndani, na nimeyasikia kwa fundi niliyemlipa anisaidie. Leo magari yangu manne yote yanawaka na kutembea: Volkswagen Beetle, Land Rover Series III, Mercedes W123 ya dizeli na Peugeot 504. Hiyo Peugeot ndiyo ya mwisho kurudi barabarani, tena juzi tu, na furaha yake bado ninayo. Kwa hiyo namjibu ndugu huyu hapa hadharani, maana najua wenye hali kama yake ni wengi.

Usiuze. Ila kuanzia leo, gari moja tu ndilo liwe wazi.

Mwenye magari kadhaa hashindwi na injini. Anashindwa na makopo ya nati. Unaanza breki za gari la kwanza, spea moja inakosekana, basi mikono inawasha, unahamia kwenye kabureta ya la pili. Nayo inataka gasketi. Unaingia la tatu. Miezi inapita, bolti za magari yote zimelala kopo moja, na hukumbuki tena ipi ni ya wapi. Kwangu hili ni sheria: gari moja limefunguliwa, mengine yamefungwa na kila kitu chake kipo mahali pake. Spea ikichelewa, nasubiri. Wakati wa kusubiri nasafisha vilivyo mezani, nakagua waya, napaka rangi palipoanza kutu. Sihamii gari jingine.

Sheria hii ilinifaa sana kwenye Mercedes, na hapo pana kidonda.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo huwezi kuizima kwa kukata umeme wa plagi. Kwenye W123 ya dizeli, ukigeuza ufunguo kuzima, vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa kwenye mirija, inavuta kifaa kidogo kwenye pampu ya dizeli, mafuta yanakatwa, injini inanyamaza. Yangu ikagoma kuzimika. Natoa ufunguo, nashuka, nafunga mlango, injini inaendelea kunguruma kana kwamba sikuigusa. Nikawa nafungua boneti kila mara na kubonyeza kwa mkono wenzo wa kuzimia ulio pale kwenye injini.

Nikamwita fundi mwenye sifa kubwa. Alisikiliza kidogo, hakugusa mrija hata mmoja, akatangaza kwamba pampu imekufa inunuliwe nyingine. Kisha akasema mbele ya watoto wangu kwamba gari lile lingefaa zaidi kuyeyushwa likawa masufuria. Watoto wakacheka. Mimi nilimlipa, nikamsindikiza hadi getini, na maneno yale ninayo mpaka leo.

Usiku ule nilikaa na kitabu cha ukarabati cha gari lenyewe. Humo nikakuta kwamba vakyumu inayozima injini ndiyo hiyo hiyo inayofunga na kufungua loki za milango. Nikakumbuka kuwa loki ya mlango mmoja wa nyuma ilikuwa imeanza uvivu. Asubuhi nikaanza kuziba mirija mmoja mmoja, kila nikiziba nawasha na kuzima. Nilipoziba ule uendao milangoni, nikageuza ufunguo, injini ikazima hapo hapo. Ndani ya ule mlango wa nyuma kulikuwa na mpira mdogo uliokauka na kupasuka, vakyumu yote ilikuwa inavujia humo. Nikabadilisha mpira. Pampu iliyohukumiwa kufa ndiyo inayolisukuma gari hilo mpaka sasa.

Kama siku ile ningekuwa na magari mengine mawili yamefunguliwa, nisingekuwa na utulivu wa kufuata mirija. Ningenunua pampu. Ndugu zangu, gari la zamani halifichi kitu. Karibu kila kilichomo unaweza kukiona kwa macho na kukishika kwa vidole. Linachodai ni mtu wa kulisikiliza bila haraka, aanze na kilicho rahisi na cha karibu, na asome kitabu cha gari lake kabla hajashika spana.

Sasa hayo yaliyofungwa yasiachwe kama makaburi. Kuegesha kunaua gari kuliko kuliendesha. Wapo wanaowasha injini dakika tano kila wiki na kuzima, wakidhani wameitunza. Injini iliyowashwa kidogo vile haipati joto la kutosha, unyevu unabaki ndani ya oili na ndani ya ekzosi, na ekzosi inaozea ndani kwa ndani. Afadhali uwashe mara chache lakini uliendeshe nusu saa, oili ipate moto kweli, klachi na breki zifanye kazi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 12.4 ichaji, usingoje igome. Tairi usizitazame kashata, yaani meno yake, tu: tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokwisha kuzeeka.

Na mafuta ya breki! Hapa nitasema kwa ukali kidogo. DOT 3 na DOT 4, ambazo ni aina za mafuta hayo, hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kuteremka hadi 155, na maji hayo hayo yanaleta kutu ndani ya silinda za breki. Badilisha kila miaka miwili, hata kama gari halijatoka uani. Mtu anayepaka nta bodi ya gari na hajui mafuta yake ya breki yana umri gani, huyo hapendi gari, anapenda kutazamwa.

Kwenye Beetle jambo la kwanza ni mipira ya petroli. Injini iko nyuma, ni ya kupozwa kwa hewa, na petroli inapita juu ya chuma cha moto na karibu na distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Mpira wa zamani uliosukwa kwa uzi hupasuka polepole, na Beetle nyingi zimeungua kwa sababu hiyo. Badilisha yote, pamoja na ile mifupi usiyoiona vizuri. Ukishamaliza, injini yenyewe haina makuu: oili lita 2.5, na valvu zinapimwa injini ikiwa imepoa kabisa, nafasi milimita 0.15.

Land Rover nayo ina hatari yake. Hendibreki ya Series III haishiki magurudumu, inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, pale nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, inaliruhusu hilo lililoinuliwa lizunguke, na gari linaweza kubingirika ingawa hendibreki umeivuta hadi mwisho. Zuia magurudumu yaliyo chini kwa kabari, mbele na nyuma. Na kwa gari lolote lile, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Weka stendi. Vumbi la breki shuu za zamani usilipulize kwa pampu ya upepo, linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Peugeot ilinichukua muda mrefu zaidi. Kazi ya kukwangua na kusubiri sitaisimulia. Nitasema moja tu: injini yake ya petroli ina laina za silinda, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazokaa ndani ya maji na zinazoweza kuchomolewa, na ukishaitoa silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ukazungusha injini bila kuzibana laina hizo, zinaweza kunyanyuka, sili za chini zikaharibika, maji yakaingia kwenye oili. Mimi nilizibana kwa bolti na vibati vipana vya duara (washa) kabla sijagusa kitu kingine. Ilipowaka, watoto wale wale waliocheka ndio waliokimbilia kiti cha nyuma. Sikuwaambia neno, lakini nilizunguka nao mtaa mzima.

Kwa hiyo wanaokucheka waache wacheke. Hawajui saa ulizolala chali chini ya giaboksi. Ila na wewe wape sababu ya kunyamaza: maliza. Gari moja linalotembea linakutetea kuliko maelezo yako yote. Usijipe moyo kwa kununua la nne wakati la kwanza halina breki. Nidhamu, ndugu yangu. Nidhamu.

Shemeji pia ana haki. Ua ni wake kama ulivyo wako. Kwa hiyo kwanza rudisha magari mawili katika umbo la gari: milango, boneti, magurudumu, plagi kwenye matundu yake maji yasiingie kwenye silinda. Kila bolti unayoijua irudi ilipotoka, usiyoijua itie kwenye kifuko na ukibandike karatasi yenye maandishi. Kisha chagua moja la kubaki wazi. Usichague unalolipenda zaidi, chagua lililopungukiwa na vichache. Anza na breki, fuata na mipira ya petroli na tangi, halafu ndipo uje kwenye plagi na distributa. Rangi iwe ya mwisho. Ukikwama, niandikie jina la gari, mwaka wake na picha ya sehemu iliyokushinda, nitakujibu.