Simbilisi: mjue dume na jike kabla hujalipa

Kwetu Njombe nimekua nikiwaona simbilisi, wale wanyama wadogo wanaoitwa guinea pig kwa Kiingereza, jikoni, wakipita chini ya vigoda na kupiga miluzi kila wanaposikia majani yanaletwa. Wanangu walipotaka wawili wa kwao, nilikwenda gulioni kutafuta majike. Muuzaji akaniambia, "Hawa wote majike, dada." Nikalipa. Miezi mitatu haijaisha, asubuhi moja tukakuta vitoto vitatu bandani, vina manyoya na macho wazi, maana simbilisi huzaliwa hivyo.

Watoto walishangilia. Mimi sikujua kwamba jike hushika joto tena, yaani huwa tayari kupandwa, saa chache tu baada ya kuzaa, na dume bado nilikuwa nimemwacha naye banda moja. Akabeba mimba nyingine huku ananyonyesha. Akakonda mpaka uti wa mgongo ukaonekana, na siku ya kuzaa hakunusurika. Mimba yao huchukua siku kama 68 na vitoto huzaliwa vikubwa. Kwa mama aliyechoka ule ni mzigo mzito mno. Bado naumia nikimkumbuka.

Kwa hiyo, tafadhali, angalia mwenyewe. Kaa chini, pitisha mkono mmoja kifuani kwake nyuma ya miguu ya mbele, mwingine ubebe matako, mwinue wima mgongo ukiegemea kifua chako. Usimning'inize. Hushtuka haraka, na akiponyoka akaanguka anaweza kuvunjika. Mwenzako ndiye aangalie, mahali penye mwanga wa jua.

Sehemu za siri za jike zina umbo la herufi Y, na matawi yake mawili yanaelekea tumboni. Dume ana kitone cha duara na mstari chini yake, kama herufi i. Ukibaki na shaka, bonyeza taratibu kwa kidole tumboni, juu kidogo tu ya kile kitone. Kwa dume uume utachomoza. Kwa jike hakuna kitakachotoka. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, hata kwa vitoto.

Chuchu zisikudanganye: dume na jike wote wanazo mbili. Ukubwa wa mwili nao si ushahidi, kwani jike aliyeshiba humzidi dume kijana. Korodani huonekana vizuri kwa dume aliyekomaa, lakini kwa kitoto huwezi kuzitegemea.

Vitoto vikifikisha wiki tatu, toa madume yote uyaweke banda lao. Usingoje, kwa sababu jike wa mwezi mmoja tu anaweza kupata mimba, ya kaka yake au ya baba yake. Na mama akikaribia kuzaa, mtenge dume mapema, kabla ya siku yenyewe.

Mimi huwapaka majike hina kidogo mgongoni, ili hata watoto wakiwatoa nje kucheza, wajue nani anarudi banda lipi.