Spika Yako ya Bluetooth Inavuma? Usitupe Bodi

Juzi kijana mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia: "Kaka, spika niliyounda inapiga muziki vizuri, ila nikisimamisha wimbo inabaki inavuma kama nyuki. Fundi kasema ninunue bodi nyingine."

Ujumbe huo umenigusa pabaya. Hapa Moshi, muuza sabufa mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wateja wake kwamba vitu vya kuungaunga havitakaa vilie kama vya dukani. Mpaka leo naisikia sauti yake.

Spika yangu nayo iliwahi kuvuma hivyo. Ina amplifaya (bodi ya kukuza sauti) ya PAM8403, bodi ya Bluetooth, betri ya lithiamu na bodi ndogo ya kupandisha umeme hadi volti 5. Usiku mtaa wa Majengo ukishatulia, niliweka sikio karibu na koni. Chiii, halafu tik-tik-tik. Simu ikiunganishwa, mlio unabadilika. Hapo nikajua mchawi ni nani: kelele inafuata kazi ya Bluetooth. Nikaipa bodi hiyo umeme wake kutoka kwenye pawabenki, amplifaya ikabaki na betri. Kimya! Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Sababu yake ni hii. Bluetooth hainywi umeme kwa utulivu, inauvuta kwa vishindo. Vishindo hivyo vikipita kwenye waya wa hasi unaotumiwa pia na amplifaya, vinaacha volti ndogo sana, nayo amplifaya inaikuza ikidhani ni muziki. Dawa yangu ilikuwa kidude kinachoitwa B0505S: kinapokea volti 5 na kutoa volti 5, lakini pande zake mbili hazigusani. Bodi ya Bluetooth ilishe kwa hicho. Hasi ya kuingilia na ya kutokea usiziunge. Njia pekee ya kuzikutanisha iwe waya wa sauti.

Vijana wenzangu, mtu akikwambia "nunua nyingine" bila hata kusikiliza kelele yenyewe, usimpe hela yako. Pima kwanza. Tenganisha umeme, sikiliza, ndipo uamue. Kujua kuunda ni mali, usikubali mtu akuaibishe nayo.

Mdogo wangu wa Sakina, anza na pawabenki leo hii. Kelele ikibaki vilevile, shuku bodi ndogo ya kupandisha umeme: chomelea kapasita (kidude kinachotunza umeme kidogo na kutuliza vishindo) ya 1000 µF karibu kabisa na miguu ya umeme ya amplifaya. Ikivuma wakati wa kuchaji tu, badilisha chaja.