Kabla ya kusambaza posti ya sumu, tafuta kipimo chake

Mleta mada anauliza kwa nini picha moja ya mtandaoni hukimbiza watu dukani, ilhali moshi wanaouvuta kila siku hauwashtui. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa ni kwamba posti hutaja jina la sumu na kuacha kiasi chake.

Baada ya ajali ya Machi 2011 kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ramani ya Bahari ya Pasifiki iliyojaa rangi kali ilisambazwa kama ramani ya mionzi. Ilikuwa ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, na rangi zile zilionyesha kimo cha mawimbi ya tsunami. China nako watu walikomba chumvi yenye madini joto madukani ili kukinga tezi ya shingo dhidi ya mionzi. Piga hesabu: kidonge cha dharura cha kukinga tezi hiyo kwa mtu mzima kina miligramu 130 za potasiamu ayodaidi, yaani takriban 100 za madini joto. Kilo ya chumvi hubeba kama 20 hadi 40. Ungehitaji kilo mbili na nusu hadi tano kwa mkupuo, na chumvi hiyo ingekuua kwanza. Agosti 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kituo hicho, chumvi ikagombewa tena.

Kwenye hewa kosa ni la kimyakimya zaidi. WHO, Shirika la Afya Duniani, (2021) inashauri PM2.5, yaani chembe ndogo sana za vumbi na moshi, zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Mtu hupiga picha ya skrini ya kipimo cha saa moja chenye 60, akaandika "mara 12 ya kiwango!" Amegawa kwa kikomo cha mwaka. Mji wenye 40 mwaka mzima haumpi mtu picha ya kusambaza, na huko ndiko mapafu na mioyo inaumia zaidi. Tena angalieni programu za simu: 100 kwenye faharasa ya Marekani ya ubora wa hewa (AQI) ni mikrogramu kama 35, si 100.

Lakini msidharau kila kelele. Flint, Marekani, walibadilishiwa chanzo cha maji mwaka 2014, wakalalamika, wakaambiwa maji ni salama; mwaka uliofuata damu za watoto zikaonyesha madini ya risasi yamepanda. Jibu la "hakuna hatari" lisilo na namba nalo ni uzushi mtupu. Dai kipimo, tarehe, mahali sampuli ilipochukuliwa na kikomo kilichotumika. Ukisahihisha kwenye kundi, anza na namba sahihi, na usiirushe upya ile picha ya uongo.