Alama ya + kwenye klasi yako ya Python: maswali yenu

Nina klasi Pesa (aina ya kitu niliyoitunga mwenyewe, ina kiasi na sarafu), a na b ni Pesa mbili, nikiandika a + b napigwa TypeError, kosa la aina zisizokubaliana. Kwani Python haioni kuna namba ndani?

Haioni, na afadhali isione. Ukiandika a + b inaenda kwenye klasi ya a kutafuta metodi, yaani funksheni iliyo ndani ya klasi, inaitwa `__add__`, sasa wewe hujaiandika. Iandike, halafu rudisha Pesa mpya, self (yaani a yenyewe) usiiguse, maana mtu akijumlisha hategemei a yenyewe iongezeke. Na cheki sarafu kwanza jamani, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zikijumlishwa kimyakimya ripoti yako yote ni uongo, rusha ValueError (kosa la thamani isiyofaa) palepale.

a + b imekubali, lakini sum(orodha) inagoma.

Sum inaanza na 0, kwa hiyo hesabu ya kwanza kabisa ni 0 + Pesa, na int haijui Pesa ni kitu gani, inarudisha `NotImplemented`, yaani "hii mi siiwezi", ndo Python inageukia upande wa kulia kuuliza kama kuna `__radd__`, metodi ya kujumlisha ya kitu kilichoko kulia. Iandike ikubali 0, au anza na `sum(orodha, Pesa(0, "TZS"))`, mi napenda hii ya pili kwa sababu sarafu inaonekana wazi. Na `__add__` yako ikikutana na aina isiyoijua ifanye hivyohivyo, `return NotImplemented`, sio `raise NotImplementedError`! Watu wanazichanganya sana hizi: ya kwanza inampa mwenzake nafasi ya kujibu, ya pili inakata kila kitu.

Nimeweka `__eq__` (metodi ya ==), sasa Pesa haiingii kwenye seti.

Ukiandika `__eq__` peke yake Python inaifanya `__hash__` kuwa None, makusudi kabisa, maana vitu vilivyo sawa lazima viwe na hashi moja, ile namba ambayo seti inaitumia kukitafuta kitu. Andika `__hash__` yako, ndani yake `return hash((self.kiasi, self.sarafu))`. Ila kama kiasi kinabadilikabadilika usithubutu, utakitafuta kitu kwenye seti hukioni na kimo humohumo. `@dataclass(frozen=True)` juu ya klasi inakuandikia `__eq__` na `__hash__` zote mbili, na inazuia kiasi kisibadilishwe.

`__str__` au `__repr__`?

Zote zinageuza kitu kuwa maandishi, `__str__` ya mtumiaji, `__repr__` ya mwandishi wa programu. Kama ni moja tu, `__repr__`, print nayo itaitumia.

Naweza kubadilisha jinsi neno and linavyofanya kazi kwenye klasi yangu?

Huwezi, wala or, wala is. `__and__` ni ya alama &, na hiyo & inashika kabla ya ==, kwa hiyo weka mabano: `(a == 1) & (b == 2)`.