Bodi ya fulu fremu: fungua begi la lenzi kwanza

Kijana anayeanza kupiga harusi akiniuliza anunue bodi gani ya fulu fremu, yaani kamera yenyewe bila lenzi, yenye sensa (kipande kinachonasa picha) kubwa, humwambia kwanza afungue begi nione lenzi alizonazo. Bodi ataibadilisha, lenzi atakaa nazo miaka.

Nizungumzie Nikon, maana ndiyo niliyoizoea. Kwenye kamera za mtumba ubishi uko kati ya D750 ya 2014, Z6 ya 2018 na Z5 ya 2020. Zote zina sensa ya takribani milimita 36 kwa 24 na megapikseli 24 hivi. Picha ikishakaa kwenye albamu, bibi harusi hatajua imetoka kamera ipi, kwa hiyo megapikseli tuziache.

Kama una lenzi za zamani za AF-D, zisizo na mota ndani, D750 inazifokasi kwa mota yake yenyewe. Ukizifunga kwenye Z6 au Z5 kwa adapta ya FTZ, kiungo cha kufunga lenzi za zamani kwenye kamera za Z, zitapiga, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Haya, jaribu hivyo maharusi wakiingia ukumbini kwa kucheza!

Kubwa zaidi kwangu ni nafasi za kadi. D750 na Z5 zinachukua kadi mbili za SD, ukitaka kila picha inaandikwa kote kuwili. Z6 ina nafasi moja tu, ya XQD, aina nyingine ya kadi ambayo huwezi kuazima kwa kila mpiga picha uliyekaa naye meza moja. Si kamera mbaya. Video yake ya 4K hutumia upana wote wa sensa, na kwa mtu wa matangazo ningesema achukue. Lakini ndoa haifungwi mara ya pili kwa sababu kadi yako imegoma. Kwa harusi siipendekezi hata muuzaji akishusha bei.

Z5 ina sensa inayotuliza mtikisiko wa mkono, na fokasi yake inafuata jicho la mtu. Mwendo wake ni mdogo, picha 4.5 kwa sekunde, na video yake ya 4K inakata kingo za picha mara 1.7, lenzi pana ikawa kama imebanwa. Kanisani shata ya kimya ni raha, padri hageuki. Ukifika ukumbini kwenye taa za LED zima shata hiyo ya kimya, isije ikakuchorea mistari kwenye nyuso za watu.

Mwenye lenzi za AF-D achukue D750. Anayeanza bila lenzi, Z5.

Ukienda kununua, ulizia shata imepiga mara ngapi. Ya D750 ilijaribiwa hadi 150,000. Iliyofika 120,000 bado inafanya kazi, ila isiuzwe kwa bei ya iliyopiga 20,000. Nenda na kadi zako mbili, uandike picha kwenye nafasi zote. Kisha piga ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, uikuze picha: vumbi likionekana litasafishwa, mkwaruzo kwenye sensa hausafishiki.